Sayyid Barghash alitokaje mbele ya askari? Namjibu mwalimu wa Wete

Swali nililoletewa ni la mwalimu mmoja wa skuli huko Wete. Anasema anawaandalia wanafunzi wake mchezo wa kuigiza, mateka wanne wamefungiwa kwenye ghala la karafuu, walinzi watatu hawabanduki mlangoni, sasa mateka wawili wanajitia kupigana, walinzi wanakimbilia ule ugomvi na wale wengine wawili wanatoka mbio. Watoto wenyewe ndo waliomgomea, wamemwambia "mwalimu, mlinzi gani mjinga hivyo?" Sasa anauliza, jee katika historia yetu ya Zanzibar kuna watu waliotoka kweli kwa kuwazuga walinzi, au haya ni mambo ya hadithi tu, na kama yapo ilikuwaje walinzi wasione.

Mwalimu wangu, ahsante kwa swali, na hao watoto wape salamu zangu maana wameona jambo ambalo watu wazima wengi hawalioni. Mie nimesomesha historia miaka mingi, halafu nikaingia kazi ya kutembeza wageni Mji Mkongwe, na katika visa vyote ninavyovieleza njiani hakuna ninachokipenda kama hichi utakachokisoma hapa chini. Ila kwanza nikwambie kwanini huo ugomvi wako haufanyi kazi, na nakwambia kwa jambo nililoliona kwa macho yangu nikiwa mtoto.

Chuo tulichosoma sisi kilikuwa uani kwa maalim, mlango wa kutokea njiani ni mmoja tu, na maalim anakaa pale pale mlangoni juu ya mkeka, bakora ubavuni. Siku moja kulikuwa na resi za ngalawa na sisi tumo ndani tunasoma, roho zote ziko pwani. Tukapanga wawili wapigane. Wakapigana kweli, mpaka kanzu ikachanika. Maalim hakuinuka. Alinyoosha mguu tu ukaziba mlango, akasema "mkimaliza mniambie." Yani ule ugomvi ndo uliomzindua, kabla ya pale alikuwa ameinamia msahafu wake hana habari na sisi.

Mara ya pili tulijifunza. Kila siku kabla ya alasiri watoto wawili walikuwa wanatoka kwenda kisimani na ndoo kubwa, wanaichukua kwa mti begani, ya kujaza birika la watu kutilia udhu. Siku hiyo tukatoka watatu, wa tatu ameshika kata mkononi kama mtu anayekwenda kuteka maji, ndoo ikarudi na watu wawili. Maalim akaitazama ndoo kama imejaa, imejaa, basi, akarudi kwenye kitabu. Alikuwa anahesabu ndoo, hahesabu watoto. Mwenzetu akaziona resi mpaka mwisho na akaja kutuhadithia usiku.

Mlinzi anayejua kazi yake ukimletea kishindo anajua kuna jambo, anakaza. Ukimletea kitu ambacho amekizoea, au kitu ambacho heshima yake haimruhusu kukitazama sana, hapo ndo macho yake yanapita juu kwa juu. Sasa liweke hilo kichwani halafu tuje kwa Sayyid Barghash.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar na Oman, alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, na hapa Unguja akashika mwanawe Majid. Barghash, ndugu yake kwa baba, hakuridhika. Kufika mwaka 1859 alikuwa na watu nyuma yake, khasa Waarabu wa kabila la el-Harth, na ndani ya ukoo wenyewe alikuwa na dada zake, Bibi Khole na Bibi Salme. Salme ndo huyu aliyekuja kuondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, akaandika kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani zikachapwa mwaka 1886. Wakati wa njama hii alikuwa binti wa miaka kama 15, na wenzake walimhitaji kwa sababu moja kubwa, alikuwa anajua kuandika. Zama zile mtoto wa kike alifundishwa kusoma tu, kuandika hapana, yeye alijifundisha mwenyewe kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa hiyo barua za njama zikapita mkononi kwake.

Majid akajua. Hakutaka kumwaga damu ya ndugu yake, akaamrisha nyumba ya Barghash izungukwe na askari, Mabulushi, pasitoke mtu wala pasiingie mtu, mpaka njaa na kiu zimtoe mwenyewe. Ndani alikuwemo Barghash, dada yake Bibi Mije, mdogo wao Abdulaziz ambaye alikuwa mtoto wa miaka 12, na watumishi. Wafuasi wake walikuwa nje ya mji wakimsubiri kwenye shamba moja likiitwa Marseille, upande wa Machui. Jina hilo la Kifaransa lilitokana na Sayyid Khalid, ndugu yao aliyekwishafariki, alikuwa mpenzi wa mambo ya Kifaransa na shamba lilikuwa lake. Basi kiongozi yumo ndani mjini, jeshi lake liko shamba, katikati askari wenye bunduki.

Usiku wakaja Bibi Khole na Bibi Salme na msafara mkubwa wa wanawake mpaka kwenye nyumba iliyozungukwa. Askari wakawazuia, amri ni amri. Na hapa sasa, mwalimu, nakuomba usome taratibu maana ndo pahala penyewe. Mabibi wenyewe wakasema wanataka kuzungumza na mkubwa wao. Fikiria zama zile, bibi wa kifalme, mtoto wa Sayyid Said, mtu ambaye askari wa kawaida hajawahi hata kuisikia sauti yake, anasimama njiani usiku anazungumza na mwanamme asiyemhusu! Salme anaeleza walivyoduwaa wale wanaume. Yule mkubwa wa askari aibu ilimshika kuliko hata wao. Wakamwambia wanataka kumuona ndugu yao na dada yao tu, muda mchache, watatoka. Akakubali.

Wameingia, ndani kukawa na kazi nyengine. Barghash hakutaka kabisa kuvaa nguo za kike, kwa heshima yake aliona bora afe. Wakambembeleza, muda unakwenda, mwisho akakubali, wakamfunika shela mpaka yakabaki macho tu, na Abdulaziz vile vile. Halafu wakachagua wanawake warefu kuliko wote waliokuja nao, wakawaweka ubavuni kwa Barghash ili urefu wake usionekane. Hicho kitu kila nikikieleza nasimama kidogo. Mtu mwengine yeyote angefikiria kuficha uso, wao walifikiria mstari wa mabega ukitazamwa kwa mbali gizani.

Wakatoka. Askari wakajitenga kando kwa adabu wakawapisha. Na hawakukimbia! Walikwenda mwendo wa mabibi, pole pole, wakiwa na mtu ambaye wakishikwa naye ni balaa la ukoo mzima, mpaka wakatoka mjini. Nje ya mji ndo Barghash akavua shela, akaungana na watu wake waliokuwa wakimngojea na wakapotelea gizani kuelekea Marseille.

Watu wengi wanaohadithia kisa hichi wanasema alivaa buibui. Hapana, buibui lilikuja kuenea Unguja baadae sana, na kanga nazo zilikuwa bado hazijaingia. Mabibi wa ukoo ule walikuwa wakivaa barakoa usoni na wakitoka wanajitanda shela kubwa juu ya yote. Nalisema hilo kwa sababu lina maana kwenye mchezo wako, shela lilikuwa nguo ya cheo, askari akiliona anajua huyu si mtu wa kumsogelea. Kama Barghash angevalishwa nguo za mtumwa wa kike angeweza kusimamishwa, kuulizwa unakwenda wapi, hata kushikwa mkono. Walimvalisha kitu ambacho mkono wa askari haukuthubutu kukigusa.

Sasa swali lako, ilikuwaje wasione. Rudi pale mlangoni wakati wa kuingia. Ule mzozo ndo uzugaji wenyewe, na uliwekwa wakati wa kuingia, hatari yenyewe ilikuwa wakati wa kutoka. Askari walitumia ukali wao wote mapema, wakahoji, wakakataa, wakaaibika, wakatoa ruhusa. Kwao jambo lilikwisha pale, ruhusa imetoka kwa mkubwa. Wanawake walipotoka askari hawakuwa wanawakagua tena, walikuwa wanataka ile aibu imalizike waende zao. Na nani atahesabu mabibi? Kumhesabu ni kumtazama, na kumtazama ni utovu wa adabu mbele ya watoto wa Sayyid Said. Wale askari hawakuwa wajinga, waambie watoto hivyo. Walikuwa macho na walikuwa na adabu, na mpango ulijengwa juu ya adabu yao.

Kuna anayeuliza kama tumuamini Salme, maana ndo aliyekuwemo na ndo aliyeandika. Mie namuamini kwa sehemu kubwa. Anapoandika yeye na Barghash walikuwa wameshaharibikiana, mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli za Kijerumani na ndugu yake, aliyekuwa Sultani tokea 1870, alikataa kuonana naye. Hana sababu ya kumpamba. Na kwamba Barghash alitoka mjini akafika Marseille hilo halina ubishi, maana mapigano yalitokea kule kule, Oktoba 1859.

Kabla sijarudi kwenye mchezo wako nataka nikupe kisa kimoja cha mbali, maana kina kitu ambacho cha Barghash hakina, nacho ni subira. Ni wakati wa vita vya pili vya dunia, kambi ya wafungwa wa vita ya Wajerumani ikiitwa Stalag Luft III, karibu na mji wa Sagan, leo uko Poland. Walinzi wa kule walikuwa wabaya, ardhini wamefukia mitambo ya kusikiliza mtu akichimba. Wafungwa wakatengeneza kasha la mbao la mazoezi, lile la kurukia kama la kwenye michezo ya skuli, kwa mbao za masanduku ya misaada ya Msalaba Mwekundu. Kila siku wanalibeba mpaka uwanjani, wanaliweka pahala pale pale, wanapanga foleni na kuruka, masaa. Ndani ya kasha mna mtu. Wanaoruka juu wanatikisa ardhi, anayechimba chini hasikiki. Jioni anafunika shimo kwa ubao, anatandaza mchanga wa juu, wanalibeba kasha na yeye ndani na mifuko ya mchanga.

Siku za mwanzo mmoja wao alijikwaa makusudi akaliangusha kasha, mbele ya walinzi, kasha likaonekana ndani tupu kabisa. Siku hizo lilikuwa tupu kweli! Walianza Julai 1943 na tarehe 29 Oktoba watatu wakatoka, Eric Williams, Michael Codner na Oliver Philpot, kwa shimo la zaidi ya futi 100, na wote watatu wakafika Sweden salama. Miezi mitatu walinzi wanatazama watu wanaruka. Wangeruka siku moja tu wangepekuliwa, waliporuka kila siku wakawa kama mnazi uliopo uwanjani.

Na hapa kwetu kuna kingine ambacho sikiiti kuzuga lakini watoto watakipenda. Sayyid Khalid, mtoto wa huyu huyu Barghash, baada ya vita vya Agosti 27 mwaka 1896, vile vya dakika kama 38, alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani hapa mjini. Waingereza wakaweka askari nje, akikanyaga ardhi ya Zanzibar tu ashikwe. Akakaa zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba ikaja meli ya kivita ya Kijerumani, Seeadler, na maji yalipojaa mashua yake ikasogea mpaka kwenye ubalozi wenyewe, Khalid akaingia humo kutoka kwenye ardhi ya ubalozi moja kwa moja mpaka melini, akapelekwa Dar es Salaam. Mguu wake haukugusa ardhi waliyokuwa wakiilinda. Walinzi walikuwepo, macho walikuwa nayo, ila bamvua lilikuja kuwaondoshea mpaka wao. Mtu wa pwani tu ndo anaweza kuufikiria mpango kama ule.

Haya, turudi kwenye ghala lako la karafuu. Usiufute ugomvi, usogeze. Wale mateka wawili waanze kugombana tokea onesho la kwanza, vitu vidogo, maji, pahala pa kulala, mmoja kamkanyaga mwenzake. Mara ya kwanza walinzi waingie na marungu wahesabu watu, wanne wapo. Mara ya pili aingie mlinzi mmoja, ahesabu, wanne wapo. Mara ya tatu apige kelele tu kutoka nje "nyamazeni nyie!" bila kuinuka. Watazamaji nao watachoka na ule ugomvi, waache wachoke, ndo unavyotaka. Mara ya nne ndo wawili hawamo ndani na hakuna aliyeinuka kuhesabu. Hapo hata watoto wako waliogoma hawatasema mlinzi mjinga, kwa sababu na wao waliokaa chini wanatazama walishaacha kuhesabu.

Na kama unao wasichana wengi kwenye darasa, mie ningekushauri uache ghala uchukue kisa cha Bibi Khole chenyewe. Hakihitaji vitu vingi, mlango mmoja, mashuka, wasichana wawili watatu warefu. Sauti ya bibi anayeomba kuzungumza na mkubwa wa askari iwe ya chini, isiwe ya kupiga kelele, ule ukimya wa wanaume ndo utakaowashika watu. Ila usiishie Barghash anapovua shela. Watoto wajue kilichofuata, Majid alikwenda Marseille na jeshi na akasaidiwa na mabaharia wa manowari ya Kiingereza Assaye, nyumba nzuri ya shamba lile ikaharibiwa, watu wakafa, na Barghash akarudi kwa siri kwenye nyumba ile ile aliyotolewa kwa shela. Safari hii ilizungukwa na Waingereza, na mabaharia wale hawakuwa na aibu ya kumtazama mtu. Akajisalimisha, akapelekwa Bombay uhamishoni. Bibi Khole na Bibi Salme walibaki mjini, na Salme anaeleza walivyotengwa na jamaa zao wengine kwa muda mrefu. Mlango uleule mara mbili, mara moja umefunguka mara moja haukufunguka, hilo jukwaani linaonekana bila hata ya kulisemea.

Jambo la mwisho la kazi. Kwenye mazoezi ya mwanzo chukua yule mtoto aliyekuambia "mlinzi gani mjinga hivyo" mfanye yeye ndo mlinzi, na usimwambie mpango. Mwambie kazi yako mlango huu asitoke mtu, basi, halafu wenzake wajaribu kweli. Mara ya kwanza atawashika, na pale alipowashikia muulize aliona nini, aliangalia miguu au alihesabu vichwa, andika kwenye daftari na mubadilishe. Mkirudia siku tatu nne mpaka siku hiyo mtu akatoka na yeye hajui, mchezo wako umeshaiva.